Mkwe, Mjukuu na Kiboko wa Jiwe: Tulivyokwenda Kuona Ziwa kwa Baiskeli

Wenzangu wa shule ya mjini, mmeniuliza nyote, na kila mmoja amesikia yake. Yunuke amesikia nimetoroka ndoa uzeeni. Mwalimu Mwanaisha ameambiwa gari limenikanyaga. Mwingine, sitamtaja, anasema nimerogwa. Mguu wangu uko kwenye plasta na sina pa kwenda, kwa hiyo nimekaa na kalamu. Naandika Kiswahili kwa sababu baadhi yenu si Wagusii, na mambo mengine itabidi niwaeleze polepole. Hata mimi niliyeyaona bado nashika mdomo.

Mnajua nina binti mmoja tu kati ya wavulana, Moraa. Aliolewa na mwalimu kijana, Mgusii mwenzetu, naye akapelekwa kufundisha huko chini kando ya ziwa, upande wa Homa Bay. Ng'ombe wa mahari hawakumalizika. Ndipo shemeji yangu mkubwa, Mzee Ombati, ambaye neno lake bomani kwetu halina rufaa, akatamka kwamba mtoto wa Moraa asikanyage kwetu mpaka ng'ombe wa mwisho aingie zizini. Mtoto akazaliwa. Akaota meno. Mimi sijamwona. Nami nisingeweza kwenda kwake, maana kwetu mama hajipeleki kwa mkwe wake kama anayekwenda sokoni. Huitwa, tena kwa sherehe, na kijana huyo aliona haya kutuita kabla hajamaliza.

Sasa jioni moja mume wangu, Baba Moraa, aliyekuwa karani wa kituo cha majani chai, aliingia na ramani iliyochanwa kwenye kitabu cha shule.

"Mama Moraa," akasema, "tunaenda likizo."

Nilimpima paji la uso kwa kiganja. Halikuwa na joto.

"Likizo ya nini, na sisi tumestaafu?"

"Ya kuona ziwa. Kwa baiskeli. Mzungu mmoja aliniambia kwao wazee huzunguka pwani hivyo, mume na mke, wanakula upepo tu."

"Wanakula upepo?"

"Na mkate." Kisha akashusha sauti, akatazama mlango. "Ombati amekataza mtoto kuja hapa. Hajakataza mtu kutazama maji. Nimemtumia Moraa neno kwa akina mama wa kanisa. Jumatano alasiri atakuwa ufukweni anafua nguo, na mtoto mgongoni. Hapo si kwa mkwe. Ufukwe ni wa Mungu."

Tumeishi pamoja tangu nywele zetu nyeusi, na sikujua mtu huyu ana ujanja wa namna hiyo. Ziwa lenyewe nililijua kama mstari mweupe unaong'aa mbali, ukisimama ukingo wa vilima vya Manga siku isiyo na ukungu. Lakini ukweli ni kwamba sikuwa na haja na maji. Nilimtaka mtoto.

Nyaramba hadi Kisii

Tulitoka kwetu Nyaramba Jumapili alfajiri, Sabato ya Jumamosi ikiwa imekwisha na dhamiri zetu safi. Baiskeli ilikuwa ile nyeusi ya chuma mnayoijua, ambayo Baba Moraa huipaka mafuta kuliko anavyojipaka mwenyewe. Mimi nilikaa kiupande kwenye keria, juu ya mto wa pamba. Mbele tulifunga blanketi mbili, ndizi za kuiva na chupa ya uji wa wimbi.

Hatukuwa tumefika mbali. Mama mmoja aliyebeba ndizi alituona, akatua mzigo, akaweka mikono kichwani.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa, mama," akajibu Baba Moraa.

"Basi ni huyu mama iko mgonjwa."

"Mimi mzima," nikasema.

Akatutazama, akatazama blanketi, na machozi yakaanza kumtoka. "Basi ni vijana wenu wamewafukuza! Wuui, watoto wa siku hizi!"

Tukaeleza. Hakusikia. Akatukatia kichane cha ndizi na hakukubali tuondoke bila kukichukua. Ndivyo ilivyokuwa njia nzima. Kwetu wazee wawili kwenye baiskeli moja na blanketi wana maana moja au nyingine, na likizo haimo. Watu walivua kofia. Mzee mmoja karibu na Kebirigo alisimamisha hata ng'ombe wake atupishe. Tulipofika Nyamira tulikuwa na ndizi, mayai kwenye majani makavu, na kuku hai aliyefungwa miguu, vyote hivyo ni rambirambi za maiti ambaye hayupo. Nilishtuka sana kuona ninavyoliliwa huku nimekaa natazama.

Baba Moraa akachoka kueleza. Aliyefuata kuuliza akamwambia wazi, "Tunaenda kutazama maji."

Yule bwana akashuka kwenye baiskeli yake. "Pole sana, mzee," akasema. "Alizama lini?"

Tangu hapo tulinyamaza, tukapokea tulichopewa.

Kisii, tulikokwama

Tulipanga kulala Kisii kwa wifi yangu Kerubo, nyuma ya maduka ya Wahindi, na kuondoka Jumatatu asubuhi. Sijui habari husafiri kwa njia gani, lakini ilitutangulia. Tulipokata kona nikasikia nyimbo za msiba. Uani kwa Kerubo walikuwa wamejaa akina mama wa kanisa, sufuria tatu ziko motoni, na Kerubo mwenyewe ametoa kiremba.

"Niambieni tu," akalia, "ni nani?"

Tulipomwambia hakuna, alituliza kilio palepale na uso ukabadilika. Kama hakuna aliyekufa, basi ni ndoa inayovunjika. Alichukua baiskeli, akaifungia stoo, akatia ufunguo kifuani, mahali ambapo kaka yake hawezi kuutafuta.

Jumatatu nzima ilikwisha hivyo. Aliletwa mzee wa kanisa, mwembamba, mwenye sauti ya upole, akatuketisha kwenye viti viwili vinavyotazamana.

"Mzee," akamuuliza Baba Moraa, "unampiga?"

Roho ilinipaa. Mtu ambaye hata kuku wa rambirambi alishindwa kumchinja! Nilitaka kucheka, nikatazama macho ya yule mzee wa kanisa, nikaogopa. Tuliombewa. Tukashauriwa kusameheana. Tukasameheana, ingawa sijui nini.

Jua likazama, na mimi nikaanza kuhesabu moyoni. Tukichelewa tena, Moraa atafua nguo zake, atazianua, atakwenda zake, na hatutapata nafasi nyingine mpaka Mungu ajue lini. Nikamfuata Kerubo jikoni, nikamwambia yote: mtoto, ufukwe, Jumatano. Alisimama na mwiko mkononi.

"Yaani wewe hujaona mutoto wa Moraa?"

"Sijamwona."

Alitia mkono kifuani akatoa ufunguo. Aliapa hatamwambia mtu. Mnamjua Kerubo, kwa hiyo mnajua kilichofuata, lakini nitafika huko.

Kisii hadi Tabaka

Jumanne tuliteremka Tabaka kwa Mokua, rafiki wa Baba Moraa wa tangu utotoni, mchongaji. Huko mawe hutolewa ardhini kama mihogo, na vumbi lake jeupe liko hata kwenye ugali. Mokua alitoka banda lake la kuchongea na nyusi nyeupe pee, nikadhani amezeeka kutuzidi, kumbe hajanawa.

Mkewe alituletea chai. Sisi Wasabato wa kule juu chai hatunywi, tukaomba maji ya moto.

"Nyinyi si mnalima chai?" Mokua akauliza.

"Tunalima."

"Na hamnywi?"

"Hatunywi."

Yeye ni Mkatoliki. Alicheka mpaka vumbi likamdondoka. Alimwita jirani aje aone watu wanaochuma kitu maisha yao yote bila kukionja, na jirani naye akaita mwingine. Nilikunywa maji yangu ya moto mbele ya hadhara kama bibi arusi.

Mokua alikuwa mtu wa kwanza njia nzima kuamini papo hapo kwamba hakuna msiba wala ugomvi. Tulipomwambia kuna mjukuu, alikwenda bandani akarudi amekumbatia kiboko wa jiwe, mwekundu kidogo ubavuni, kinywa wazi, meno yote yamechongwa.

"Ya mutoto kuchezea," akasema.

Baba Moraa alimpokea, na magoti yakamkunjika. Kiboko huyo alikuwa na uzito wa debe la mahindi.

"Mokua, mtoto hata hajatembea."

"Si atakua?"

Zawadi hairudishwi. Asubuhi walimfunga kiboko upande wa kushoto wa keria kwa mpira wa baiskeli, na upande wa kulia wakafunga kuku. Mtu yeyote angeona kwamba mizani haikuwa sawa. Tuliona, tukaondoka.

Tabaka hadi mteremko

Jumatano ilianza vizuri, na hilo lingetosha kunionya. Rongo tulikula hotelini. Waliniletea samaki kwenye mchuzi, mnono, nikauliza kama ana magamba. Mwenye hoteli akasema huyo ni kambare, magamba ya nini? Samaki asiye na magamba kwetu haliwi. Baba Moraa, ambaye tayari alikuwa ametia tonge mdomoni, alinitazama kwa macho makubwa. Hakutema. Alimeza taratibu akiangalia ukuta, na hatujalizungumzia mpaka leo.

Baada ya hapo barabara ya vumbi ikaanza kuteremka, joto likapanda, migomba ikabaki nyuma na mtama ukaanza. Upepo wa chini huko unanuka maji. Nilikuwa na furaha, nakiri. Nilimwambia Baba Moraa aende pole, akasema anaenda pole, lakini baiskeli ilikuwa na maoni yake. Breki zilianza kulia. Kuku akaanza kulia. Kisha gurudumu likagonga jiwe, kiboko akayumba upande wake na kutuvuta sote kwake.

Nilisikia mfupa wa mguu kabla sijasikia maumivu. Ulilia kama kuni kavu.

Nilipofumbua macho, Baba Moraa alikuwa amekaa katikati ya barabara na kiganja kinatoka damu. Kuku alikuwa amefunguka, anatembea mtamani bila hata kugeuka. Kiboko alikuwa amelala kando yangu, kinywa wazi, hana mkwaruzo.

Baba Moraa alijaribu kuninyanyua. Alijaribu tena. Magoti yake ni ya mtu aliyepanda ngazi za kituo cha chai miaka yote, hayana tena nguvu. Kilima kimoja kilikuwa kimebaki mbele yetu, na nyuma yake, alisema, ni ziwa, na Moraa. Jua lilikuwa limeshaegemea upande. Nililia, na haikuwa kwa ajili ya mguu. Nilimwona Moraa akikunja nguo moja baada ya nyingine, akitazama barabara.

Ndipo tukasikia kengele. Kijana mwenye shati jeupe alikuwa anapanda kutoka chini kwa baiskeli, madaftari ya wanafunzi yamefungwa nyuma. Alituona, akakanyaga breki, akatutazama mara moja. Kisha akaitupa baiskeli chini, akaruka shimo la maji, akatokomea kwenye mtama.

"Mwizi!" Baba Moraa akapiga kelele, ingawa mwizi gani huacha baiskeli?

Mtama ukatikisika. Sauti ikatoka ndani yake.

"Baba, ni mimi. Ni mkwe wako."

Mwalimu Mwanaisha, na wengine msiojua, hapa nieleze. Kwetu kuna heshima tunayoiita chinsoni. Mama mkwe na mkwe wake hawakaribiani. Hawagusani, hawatazamani usoni, mmoja akija mwingine hupisha njia. Kukaa naye bega kwa bega ni aibu ambayo ukoo hukaa kuijadili. Nilivuta leso nikajifunika uso mzima, na miguu yangu, hata uliovunjika, nikaikunja chini ya gauni.

"Baba," mtama ukasema, "mwambie mama nimesema pole."

"Mama Moraa, anasema pole."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie ahsante."

"Anasema ahsante."

"Baba, muulize mama anaumwa wapi."

"Mguu," nikasema kwenye leso.

"Anasema mguu."

Mtama ukatikisika tena. Mimi nilitaka ardhi inimeze, mimi na kiboko wangu.

"Baba, nyinyi mulikuwa munaenda wapi?"

Baba Moraa alikohoa. "Kutazama ziwa," akasema.

Bua moja la mtama likavunjika. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Moraa ako ufukweni tangu saa sita. Aliniambia ana nguo mingi ya kufua. Mimi nikashangaa. Nguo zetu ni kidogo."

Alitoka mtamani kinyumenyume, mgongo umetuelekea, akafungua madaftari na kuyaweka kwenye nyasi. Aliokota baiskeli yake akaondoka kwa kasi mteremkoni, huko alikotoka.

Nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuipata darasani hata siku moja. "Ametukimbia!" nikasema. "Huyo ndiye uliyempa binti yangu!"

Baba Moraa alikaa kando yangu akanifukuzia nzi.

Kilima cha mwisho

Jua lilikuwa limekaribia kugusa kilima aliporudi. Alikuwa amesimama juu ya pedali, shati limelowa, na nyuma yake kwenye keria alikuwa Moraa, na mgongoni kwa Moraa kichwa kidogo kinayumba.

Aliwashusha, akageuka akatazama bonde.

Sitaweza kuandika vizuri sehemu hii. Moraa alipiga magoti, tukashikana, tukalia kama wale wa barabarani walivyotulilia. Alifungua leso akanipa mtoto. Msichana. Mzito, ana meno mawili juu na mawili chini, na alinishika pua akaivuta kwa nguvu zote.

"Anaitwa nani?"

"Nyaboke," Moraa akasema.

Nilimtazama. Nyaboke ni jina la marehemu mama yake Baba Moraa na Ombati. Wa kwanza wa kike, tulitegemea angepewa jina la upande wa baba yake, hata hatukuuliza.

"Yeye ndiye alisema," Moraa akaongeza, akielekeza kidevu kule kwenye mgongo wa shati jeupe. "Alisema kama ng'ombe zinachelewa, jina isichelewe."

Baba Moraa alitoa kofia, akaiweka usoni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Sikuwahi kumwona akilia. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kuanguka.

Kisha Moraa akaona mguu. Ulikuwa umevimba na rangi yake imebadilika. "Mama, hii imevunjika," akasema. "Kuna zahanati ufukweni, lakini watafunga." Kila mtu akatazama baiskeli. Baba Moraa hakuweza kunibeba, kiganja chake hata usukani hakishiki vizuri kwa mzigo. Gari halikupita. Aliyebaki alikuwa mmoja tu, naye alikuwa ametupa mgongo, ameinamisha kichwa.

"Yaya, hapana," nikasema. "Nitakaa hapa hapa."

"Mpaka mguu ukatwe?" Moraa akauliza.

"Ukikatwa ukatwe."

Moraa ana kichwa cha baba yake. Alisimama, akatazama keria, akanitazama mimi, akamtazama mtoto. Kisha akamchukua Nyaboke, akanifunga naye ubavuni, upande wa kushoto, kwa leso mbili, imara kabisa.

"Sasa," akasema, "Mama hataguswa na mtu. Ataguswa na mutoto."

Baba Moraa akafumba macho. "Mimi sioni kitu," akatangaza. Yeye na Moraa wakanipandisha kiupande kwenye keria. Mkwe alipanda mbele bila kugeuka. Mgongo wake uligusa mtoto wake. Ubavu wangu uligusa mjukuu wangu. Kati yetu alikuwa Nyaboke, amemshika baba yake shati na mimi sikio, anacheka.

Kwenye kilele ziwa lilifunguka lote. Kwa sababu nilikuwa nimekaa kiupande, lilikuwa upande wangu, na kwa sababu sikutakiwa kumtazama mkwe wangu, sikuwa na pengine pa kutazama. Nililitazama njia nzima ya ufukweni. Lilikuwa na rangi ya shaba, na wanawake walikuwa wanaanika samaki kwenye mawe, na maji yalikuja karibu na gurudumu na kurudi. Nyuma yetu nilisikia Baba Moraa anapumua kwa shida, yeye na Moraa wanasukuma baiskeli yetu, na kiboko yuko kwenye keria kwa kuwa Baba Moraa alikataa kumwacha. Kijana aliendesha akitazama mbele. Kwenye kila shimo alipunguza mwendo.

Nyumbani

Tulirudi kwa lori la samaki, baiskeli juu, plasta mbele. Tulilala Kisii kwa Kerubo, nikamsimulia yote, na kabla hatujafika nyumbani alikuwa amekwisha kusema. Mzee Ombati alikuwa anatungoja bomani kwenye kiti chake, na wazee wengine wawili, na uso wake haukuwa wa kheri. Niliketishwa kwenye mkeka.

"Nasikia ulibebwa na mkwe," akasema.

"Nilibebwa na baiskeli."

"Ya mkwe."

"Ya mkwe."

"Ulimgusa?"

"Hapana, mzee. Kulikuwa na mtoto katikati."

Alipiga ardhi kwa fimbo, polepole. "Mtoto yupi?"

"Nyaboke," nikasema.

Fimbo ilisimama. Ombati aliitazama sana, kisha akaniambia nilitaje jina tena, nikalitaja tena. Wazee wenzake walikuwa wanasubiri hukumu. Yeye alikuwa anatazama mlango wa nyumba ya zamani ya mama yake, ile isiyo na paa sasa.

"Meno yake iko ngapi?" akauliza.

Nikamwambia.

"Waambie wamlete," akasema. "Ng'ombe itafuata."

Moraa anakuja Jumapili, wenzangu. Kiboko ameshafika kabla yake, yuko mlangoni, na Ombati ameshajikwaa kwake mara mbili bila kulalamika.